Chumvi Kwenye Kiganja cha Firmin

Harufu ya gesi ndiyo iliyompokea Thérèse. Mume wake hakumpokea.

Alikuwa ametoka mtaa wa Diepsloot, kwenye saluni yake, mfuko wa nguo safi begani kama kila Ijumaa. Akavuta mlango wa karavani. Ukagoma. Akavuta tena kwa nguvu, ukafunguka ghafla, na ile harufu ikatoka yote kwa mpigo.

Firmin alikuwa amelala kwenye kitanda cha chini, blanketi hadi kiunoni, viatu vya kazi vimepangwa vizuri pembeni. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria ya maharagwe. Kitufe cha jiko kilikuwa kimefunguliwa mpaka mwisho. Moto hakuna.

"Papa Firmin! Firmin, amka!"

Alimgusa shingo. Baridi. Ukelele aliopiga ulisikika kambi nzima.

Kambi yenyewe iko magharibi mwa Johannesburg, chini kabisa ya kilima cha mchanga ulioachwa na migodi ya zamani. Getini kuna kibao chenye jina la Kizungu, lakini wakazi wanaiita Sahara, na ukifika mwezi wa Agosti upepo ukiwa umeanza, huhitaji kuuliza kwa nini. Mchanga wa njano unaingia kwenye chai, masikioni, mpaka ndani ya simu. Mti hakuna hata mmoja. Wanaoishi kwenye zile karavani ni watu wa kampuni inayouosha ule mchanga kwa mizinga ya maji, ikikamua dhahabu iliyobaki. Kuna walinzi wa usiku Wakongo kama Firmin, mafundi Wazulu, Wakenya wenye vyeti, na Mtanzania mmoja anayewauzia wote gesi.

Huyo Mtanzania ndiye ambaye wakazi walikuwa wanamtafuta polisi walipofika.

"Mussa! Mtoeni Mussa!"

"Mitungi yake mibovu! Ameua mtu!"

"Leo tunachoma karavani yake na gesi yake yote!"

Inspekta Nkatha Mwirigi alishuka kwenye gari, akafunga zipu ya jaketi mpaka kidevuni. Cheo chake siku hizi ni Kapteni, lakini Wakongo wote wa Johannesburg wanamwita Inspekta na yeye amechoka kuwasahihisha. Mama yake Msotho, baba yake Mmeru wa Kenya, amekulia Kensington, hapahapa Johannesburg, kwenye nyumba ambayo Kiswahili kilikuwa lugha ya meza ya chakula. Kesi yoyote yenye Kiswahili ndani yake inaishia mezani kwake.

Nyuma yake alishuka Sajini Mabuza, ambaye Kiswahili chake chote ni "pole" na "sawa".

"Wanasema nini?" Mabuza aliuliza.

"Wanataka kuchoma karavani ya muuza gesi. Na mitungi ikiwa ndani."

"Eish! Hawajui tutaruka wote?"

Mabuza alikimbia mwenyewe kwenda kusimama mbele ya mlango wa karavani ya Mussa. Jiwe lilimpita sikioni. Jingine likavunja dirisha, na ndani mwanamke akalia. Walipofungua, walimkuta Mussa amejibanza nyuma ya meza, amemkumbatia mke wake Tabia. Tabia alikuwa na mimba kubwa, ya kukaribia kujifungua.

"Afande, naapa kwa Mungu, mtungi ule ulikuwa mzima," Mussa alisema. "Niliupima kwa sabuni mbele yake!"

"Ingia kwenye gari."

"Nimekamatwa?"

Nkatha aliangalia lile kundi. Watu walikuwa wanaongezeka. "Kwa sasa nakutoa hapa ukiwa hai. Mengine tutaongea kituoni. Dada, una ndugu mjini?"

"Mayfair," Tabia alisema. "Kwa shangazi, karibu na msikiti."

"Utapelekwa huko. Chukua namba yangu."

Gari lilipotoka, mtu mmoja alipiga bodi ngumi na kusema, "Arudi hapa, atakiona!"

Hawakuwa wanatania.

*

Wataalamu wa uchunguzi walikuwa bado wanapiga picha ndani ya karavani. Nkatha alianza na jirani, Arlène, mwanamke wa Bukavu anayewafulia nguo wafanyakazi wa kampuni.

"Maman Inspekta, mi nilikuwa naanika nguo. Sikuona kitu mingi."

"Hicho kidogo ulichoona?"

"Saa ya mchana niliona Bwana Kip anatoka kwa Firmin. Basi. Kisha upepo ikaanza, nikakimbiza mashuka."

"Kip ni nani?"

"Mimi hapa, madam."

Alikuwa amesimama nyuma yao. Kijana wa miaka thelathini na kitu, Mkenya wa Eldoret, jaketi safi, redio ya kampuni kiunoni. Ndiye afisa usalama wa mgodi. Karavani yake ilikuwa ile kubwa karibu na geti.

"Nakuambia mwenyewe kabla watu waanze story," Kip alisema. "Nilipita hapo mchana. Kumsalimia tu."

"Ukamkuta anafanya nini?"

"Anapika."

"Mtu aliyelinda usiku kucha anapika mchana badala ya kulala?"

"Njaa, madam. Alisema amechoka na mkate."

"Mlikula pamoja?"

"Hapana, hayakuwa tayari." Kip alitabasamu kwa huzuni. "Alichota supu na mwiko, akamwaga kidogo kwenye kiganja, hivi, akalamba. Akasema chumvi bado. Tukacheka. Nikaenda zangu. Ndiyo mara ya mwisho kumwona."

Nkatha alikaribia kutabasamu pia. Baba yake alikuwa anaonja hivyohivyo. Kila mpishi anayemjua anaonja hivyo. Ukisikia kitu kama hicho, unamwona mtu kabisa mbele yako, na ukishamwona unaamini.

"Gesi je? Ulisikia harufu?"

"Kusema ukweli, hiyo mitungi ya Mussa nimeilalamikia sana. Valvu zake si nzuri. Mimi ni mtu wa usalama, naona vitu kama hivyo."

"Asante, Bwana Kip. Usisafiri."

"Niende wapi, madam? Kazi iko hapa."

*

Jumamosi asubuhi fundi wa maabara alimpigia Nkatha simu.

"Mtungi mzima. Valvu nzima. Bomba zima. Hakuna kilichovuja."

Nkatha alipumua. Mussa amepona, alijisemea.

"Lakini subiri," fundi aliendelea. "Unajua karavani zote zenye jiko la gesi zina tundu sakafuni? Gesi hii ni nzito, inashuka chini, inatokea hapo. Bila tundu hilo, inajaa kama maji kwenye beseni. Sasa tundu la marehemu limezibwa na kitambaa kilicholowa. Limezibwa kutokea nje, chini ya karavani. Mtu alilala chali kwenye mchanga akakisokomeza kwa nguvu."

"Si ni vumbi? Pale watu wote wanaziba nyufa kwa matambara wakati wa upepo."

"Wanaziba madirisha, Kapteni, na wanaziba wakiwa ndani. Mtu aliyeziba hapa alikuwa nje."

Nkatha alikata simu. Haikuwa ajali tena. Mtu alifungua gesi, akaziba pa kutokea, akamwacha Firmin alale moja kwa moja.

Mabuza alikuwa ameshapiga hesabu yake. "Nani kwenye ile kambi anajua gesi inatokea wapi?"

"Mussa," Nkatha alisema.

"Na yule Arlène ameniambia jambo kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Alhamisi Mussa na marehemu walitukanana mbele ya watu. Mussa alimfuata mpaka njiani anapiga kelele." Mabuza alifungua mikono. "Sharp, imekwisha. Jumatatu mahakamani, shtaka la mauaji. Mkubwa ameshauliza."

Simu ya Nkatha ikaita. Tabia.

"Dada Inspekta, wameshaichoma karavani yetu? Watu wananitumia ujumbe wananiambia nisirudi. Mume wangu anatoka lini? Mimi tumbo linauma tangu asubuhi."

"Nenda hospitali na shangazi yako. Mimi nashughulika."

"Unashughulika kumtoa au kumfunga?"

Nkatha alikata simu. Alishuka mahabusu.

*

"Mligombana nini?"

Mussa alikuwa amekaa kwenye benchi, macho mekundu. "Nani?"

"Wewe na Firmin. Alhamisi. Usinizungushe, Mussa, sasa hivi hii ni kesi ya mauaji."

"Mauaji?" Alisimama, akakaa tena. "Afande, tuligombana kahawa."

"Kahawa?"

"Kahawa! Mimi kila jioni napika kahawa, yeye akienda lindoni anapita, anakunywa kikombe, ananitania, anaenda. Mwaka mzima. Jumatano anapita, namwita, anakataa. Nikasema labda ana haraka. Alhamisi namwekea kikombe mkononi kabisa. Anakishika, anacheka na watu, anazungumza. Halafu naona kwa macho yangu anazunguka nyuma ya karavani anaimwaga kwenye mchanga!"

"Ukafanya nini?"

"Nikamfuata. Nikamwambia, Firmin, kahawa yangu imekuwa najisi? Umeokoka zaidi wiki hii? Au kwa kuwa mimi Muislamu? Akaniambia, 'Mussa, usikasirike, nitakunywa Jumapili.' Nikamwambia Jumapili utaikuta imekwisha. Ndiyo ugomvi wenyewe. Kwa ajili ya kahawa mtu aue?"

"Midomo yake ilikuwaje?"

"Nini?"

"Midomo ya Firmin, Alhamisi. Kumbuka."

Mussa alifikiri. "Imepasuka. Nikadhani ni ule upepo."

Nkatha alitoka mbio. Alimpigia daktari wa maiti kutoka kwenye ngazi.

"Ndiyo nilikuwa nakuandikia," daktari alisema. "Amekufa kwa kukosa hewa, hilo halina ubishi. Lakini kuna ajabu. Tumbo tupu kabisa. Hata maji hamna. Mwili umekauka. Huyu hakuwa amekula wala kunywa kwa siku mbili, labda zaidi."

"Hata supu kidogo? Ya kuonja?"

"Mdomoni, kooni, tumboni, hakuna kitu. Nimesema tupu, Kapteni."

Nkatha alisimama palepale kwenye ngazi, watu wanampita na mafaili yao. Mtu ambaye hanywi hata maji alikuwa anapika maharagwe ya nini?

*

Kwa Wakongo wa Sahara, mwenye kujua mambo ya roho za watu ni Hénock. Mchana anashona suti kwenye duka dogo Kensington. Jumatano jioni anaongoza kikundi cha maombi ndani ya karavani ya mtu yeyote mwenye nafasi. Nkatha alimkuta kwenye matanga, chini ya turubai lililofungwa nje ya karavani ya Firmin. Thérèse alikuwa amekaa chini, kitambaa kichwani, wanawake wamemzunguka, na ule mchanga unapita juu yao wote.

"Papa Hénock, Firmin alikuwa amefunga?"

Hénock aliangalia pembeni. "Mambo ya kufunga ni ya mtu na Mungu wake, Maman."

"Nakuuliza kama polisi."

"Na mi nakujibu kama mtumishi. Kwetu, mtu akifunga hatangazi. Hata bibi yake hamwambii. Wakikupatia chakula unapokea, unashukuru, unatafuta namna. Ukisema, umeharibu. Niliahidi."

"Firmin ameuawa."

Wanawake waligeuka. Thérèse aliinua uso.

"Ndiyo, ameuawa," Nkatha alisema. "Na kuna mtu asiye na kosa atapelekwa mahakamani Jumatatu kwa sababu wewe umeahidi. Mke wake anakaribia kujifungua. Firmin angetaka hivyo?"

Hénock alivua kofia.

"Alikuwa kwenye kufunga kavu," alisema polepole. "Hakuna chakula, hakuna maji, hata mate ukiweza unatema. Alianza Jumatano. Angevunja jana... hapana, leo. Leo jioni."

"Alikuwa anafungia nini?"

"Mzigo. Alisema anatafuta nguvu ya kusema kitu. Alisema atavunja akishatoka polisi."

"Polisi? Kusema nini?"

"Alituambia kama watu wawili wako chini ya mlima. Aliwaona wanaingia na taa kwenye kichwa, na mlima ikawafunika." Hénock aliikunja kofia yake. "Mi nilifikiri ni maono, Maman. Kwetu watu wanaleta maono. Mmoja anaona mto, mwingine anaona simba. Tukapiga magoti, tukaombea ile maono. Vraiment, kweli, hatukumuuliza hata swali moja."

Thérèse alisimama. "Hénock. Mume wangu alikuja kwenu na maiti mbili, na mliimba?"

Hénock alifunika uso kwa ile kofia. Alikuwa analia.

Nkatha aliinua macho. Juu ya turubai, kile kilima cha njano kilikuwa kimejaa mbingu nusu nzima, na mizinga ya maji ilikuwa inanguruma upande wa pili.

Akampigia Mabuza. "Simamisha yale maji. Sasa hivi. Wakikataa, wakamate. Halafu niitie kikosi cha mbwa."

"Na muuza gesi?"

"Niletee Kip."

*

Chumba cha mahojiano hakina dirisha. Kuna meza, viti vitatu na kinasa sauti. Kip alikaa vizuri, mguu juu ya mguu.

"Una haki ya kunyamaza, na una haki ya wakili," Nkatha alisema.

"Wakili wa nini, madam? Mimi ni shahidi."

"Basi nisaidie. Rudia ile habari ya mchana."

"Nilimsalimia. Alikuwa anapika maharagwe."

"Yalinukia?"

"Sana. Ameweka kitunguu."

"Akaonja."

"Ndiyo. Kwenye kiganja."

"Kiganja gani?"

Kip aliangalia mikono yake. "Cha kushoto. Mwiko ulikuwa mkono wa kulia."

"Akalamba?"

"Akalamba, akasema chumvi bado. Madam, hii nimeshasema."

"Sema mara moja tu zaidi. Ulimwona kwa macho yako anameza?"

"Nilimwona."

Nkatha alisogeza ripoti ya daktari katikati ya meza. Hakuifungua.

"Firmin alikuwa amefunga tangu Jumatano. Bila chakula, bila maji. Alikuwa anamwaga kahawa ya rafiki yake kwa siri asimeze hata tone. Daktari amempasua. Hakuna supu mdomoni, hakuna supu tumboni. Wewe ulimwona nani akionja chumvi?"

Mguu wa Kip ulishuka.

"Labda... watu huvunja, madam. Njaa ni njaa."

"Akivunja, supu itaenda wapi?"

Kip aliitazama ile ripoti.

"Arlène alikuona ukitoka mle ndani. Kwa hiyo ilibidi Firmin awe hai wakati unatoka, si ndiyo? Ukampa mwiko. Ukampa njaa. Ukampa mpaka kicheko. Ungesema tu kwamba umemkuta amelala, leo nisingekuwa na kitu mkononi."

"Huyo Mussa anajua gesi..."

"Na wewe unajua gesi. Mtu wa usalama, si uliniambia mwenyewe? Kip, niangalie. Nani wako chini ya mlima?"

Hapo uso wake ukabadilika. Mkono ukaenda kiunoni kutafuta redio, lakini redio ilikuwa imebaki mapokezi.

"Mlima gani?"

Simu ya Nkatha iliita. Aliiweka juu ya meza, spika wazi. Upepo ulisikika kwanza, halafu Mabuza akihema.

"Kapteni, maji yamezimwa. Tuna mbwa wawili. Wote wamekwenda upande wa magharibi, wamesimama mahali pamoja, hawataki kuondoka. Tunaanza kuchimba."

Nkatha alikata. Akaigeuza simu kifudifudi. Alimtazama tu.

Kip alifunika uso. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine kabisa.

"Walikuwa zama. Wale wa kuchimba kwa wizi. Kuna shimo la zamani pale chini, wanaingia usiku. Jumapili alfajiri Firmin aliniita kwa redio. 'Bosi, kuna watu wawili wameingia, nimeona taa zao, hawajatoka.'"

"Ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Kazi yangu ni kupanda pale kila asubuhi kabla ya maji kufunguliwa, nihakikishe hakuna mtu. Kulikuwa na baridi, madam. Upepo. Nikawaambia watu wa mizinga kwa redio, kuko sawa, fungueni. Nilikuwa sijatoka kwenye blanketi."

"Firmin akasema nini?"

"Akaita tena. Akapiga kelele. 'Bosi, simamisha, watu wako ndani!' Nikamjibu watatoka wenyewe wakiona maji." Kip aliisukuma ripoti mbali kidogo. "Hawakutoka. Upande wote wa kilima ukateremka."

"Bado ungeweza kuwaokoa. Ungesimamisha maji, ungeita waokoaji."

"Siku ile wakubwa walikuwa wanakuja kuona mizinga mipya. Nikisimamisha, wataniuliza, ulipanda? Kibali changu cha kuishi hapa kimeshikwa na hii kazi. Mke wangu Monicah ameacha kila kitu Nairobi kunifuata, watoto wameanza shule. Nikasema, ni zama, hakuna anayewaandika popote, hakuna atakayewatafuta. Nikaita mizinga ya pili. Wapige palepale."

Nkatha aliinama mbele. "Uliwafunika zaidi."

"Ndiyo."

"Na Firmin?"

"Alikuja kwangu Alhamisi. Hakunitukana hata. Alisema, 'Bosi, Jumamosi naenda polisi. Nakupa nafasi uende wewe kwanza.' Nilimsihi. Nilimwambia atapoteza kazi na yeye. Akasema ameshaomba, ameshaamua. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Nilidhani ni mawazo. Sikujua amefunga! Nani angejua? Hakusema!"

"Endelea."

"Ijumaa aliporudi kutoka lindoni nilisubiri alale. Alilala kama mtu aliyezimia. Niliziba lile tundu. Nikaingia. Maharagwe nilitoka nayo kwangu kwenye kopo la plastiki, nikayamimina kwenye sufuria yake, yaonekane alikuwa anapika upepo ukazima moto. Nikafungua gesi." Kip aliinua macho. "Aliamka kidogo. Akaniangalia. Akasema, 'Bosi, umekuja twende?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia lala, tutaenda jioni. Akalala."

Nkatha alisogeza kinasa sauti karibu na Kip.

"Uliwahi kujua majina yao?" Nkatha aliuliza. "Wale wawili."

Kip alitikisa kichwa kukataa.

*

Mussa alitolewa kabla jua halijazama. Wakati anasaini kupokea mkanda na simu yake, simu ikalia. Shangazi wa Mayfair alikuwa anapiga kelele za furaha kutoka hospitali. Mtoto wa kike. Mussa alicheka, halafu akakaa kwenye sakafu ya kituo cha polisi akalia kwa sauti.

"Nikupeleke hospitali," Nkatha alisema.

"Kwanza nipeleke Sahara, afande. Vitu vya mtoto viko kule. Kama havijaungua." Akapangusa uso. "Ila wale watu... nani atawaambia?"

"Mimi."

Getini kundi lilikuwepo. Habari za Kip zilikuwa zimefika kwa baadhi yao, kwa wengine bado, na wengine walikuwa hawataki zifike. Mmoja alikuwa bado ameshika jiwe. Nkatha alifungua mlango wa gari, lakini kabla hajasema kitu, Thérèse alitoka chini ya turubai.

Mjane haondoki kwenye mkeka wake wa matanga. Wanawake walijaribu kumshika, akawapita. Alitembea peku kwenye ule mchanga mpaka kwenye gari, akamshika Mussa mkono.

"Shuka, ndugu yangu."

"Maman Thérèse, pole. Mimi na Firmin siku ile..." Mussa alishuka. "Angeniambia tu amefunga! Mimi ningemwelewa kuliko mtu yeyote pale kambini!"

"Najua. Hata mi hakuniambia. Kuja."

Alimpitisha katikati ya kundi. Hakuharakisha. Watu walisogea, mmoja mmoja, na yule mwenye jiwe akaliweka chini kana kwamba alikuwa ameliokota kwa bahati mbaya. Thérèse alimfikisha chini ya turubai, akawaambia watu wa mstari wa mbele wasogee, akamkalisha Mussa kwenye mkeka wa ndugu wa marehemu, upande wa kulia kwake, mahali ambapo kila anayekuja kutoa pole lazima amshike mkono.

Juu kwenye kilima taa za polisi zilikuwa zimewashwa, na watu walikuwa bado wanachimba.